Neno la Mtani

Bibi Xaveria alikuwa amekaa chini nje ya Nyumba ya Miangwi, mgongo kaegemeza ukutani, miguu kainyoosha kama mtu aliyefika msibani. Lakini hakuwa msibani, na hapo ndipo taabu yote ilipoanzia. Sheria ilikuwa haijamruhusu kufiwa. Mwanawe Ditram Gama, fundi wa pampu za maji aliyejulikana Songea nzima, aliteleza juu ya tangi akaanguka na kuvunjika shingo, na tangu siku hiyo mwili wake ulikuwa umelala chumba cha baridi bila jina mlangoni, ukisubiri kuambiwa kama ni maiti au si maiti.

Redempta Kikoti alimwona bibi huyo tangu getini, akatamani apitie mlango wa nyuma. Hapakuwa na mlango wa nyuma. Alisogea, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumpima?"

"Nimekuja, mama."

Bibi Xaveria alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi ingawa jua lilikuwa limekwisha kupanda. "Basi nisaidie kitu kimoja tu. Niambie nilie au nisilie. Kilio ninacho hapa," akagusa koo, "kimekwama kama mwiba wa samaki. Juzi nilianza kidogo, mkwe wangu Kolumba akaniziba mdomo kwa kiganja. Anasema nikilia, watu wa Baraza wataandika kwamba hata mama mzazi hamtambui mwanawe."

Redempta alimfunika miguu kwa kanga yake mwenyewe, akaingia ndani.

*

Zamani, enzi za bibi zao, mtu alikuwa akifa amekufa, watu wanapika, wanazika, wanarudi shambani. Raha gani ile! Siku hizi kila mtoto anapandikizwa shanga nyuma ya sikio kabla hajaota meno, na shanga hiyo inameza kila anachokiona, anachokisema na anachokificha. Mtu akifa, shanga inatolewa, inatumbukizwa katika mtambo, na baada ya siku chache mtambo unaanza kuongea kwa sauti yake. Huo ndio mwangwi. Ukithibitishwa kuwa ni mtu mwenyewe, basi mtu huyo hakufa. Anabaki na jina lake, ndoa yake na nyumba yake. Na kwa kuwa hakufa, hana maiti. Mwili ulioachwa huitwa mabaki, nao huteketezwa tanuruni pamoja na taka za hospitali, bila matanga wala kaburi. Mtu hawezi kuwa hai akazikwa, ndivyo wanasheria walivyosema, na kwa upande wao waliona wamesema jambo la busara.

Mwangwi usipothibitishwa, unazimwa, na mwili unarudishwa kwa jamaa wauzike.

Shida ikawa nani wa kuthibitisha. Walianza na madaktari, na miangwi yote ikafaulu. Wakaleta maprofesa, ikafaulu tena na kuwasahihisha maprofesa. Wakawaleta wajane na wagane, na hao ndio kabisa: mtu aliyefiwa, hata redio ikimwita mpenzi atakimbilia kufungua mlango. Wakaleta maadui wa marehemu, wakakataa kila kitu. Mwishowe mama mmoja katika Baraza la Uhalisi akauliza swali la kijinga: msibani, ni nani anayekuja na halii? Wote wakajibu kwa pamoja kwamba ni mtani.

Ndipo kazi ikawaangukia watani. Mngoni akifa anapimwa na Mhehe, Mhehe akifa anapimwa na Mngoni, na kwingineko vivyo hivyo, kila kabila na watani wake. Mtani anampenda marehemu lakini hamhitaji. Amemsema vibaya hadharani maisha yake yote na amesemwa vibaya vilevile, kwa hiyo anaujua upande ambao mke haujui. Neno lake moja, ni yeye au si yeye, halina rufaa.

Redempta alikuwa amekwisha kupima wengi, na baadhi aliwakataa bila kusita. Kuna mmoja alimrushia tusi zito la kitani, na mwangwi ukajibu kwa upole, "Samahani kama nimekukosea." Hapo hapo alisimama akashika mkoba wake. Mtani wa kweli haombi samahani hata umkate mkono.

Lakini leo hakuwa anapima Mngoni yeyote tu. Alikuwa anampima Ditram, mtani wake tangu wakiwa watoto wa shule. Siku ya mazishi ya baba yake Redempta, Ditram ndiye aliyeruka kaburini akalala chali kama desturi ya watani inavyotaka, akakataa kutoka mpaka apewe kofia ya marehemu. Akapewa. Ile kofia ya pama aliivaa miaka yote iliyofuata, kazini na kanisani, na kila alipokutana na Redempta alikuwa akiigusa ukingo na kusema, "Baba anakusalimu."

Redempta alipokuwa na huzuni, ndiye huyo mtu mmoja aliyekuwa akimwendea. Sasa amwendee nani?

*

Chumba cha kupimia kilikuwa na kiti kimoja na kioo cheusi ukutani. Msajili wa Baraza, Bwana Luambano, mtu wa makamo, alikuwa na mafua, ameketi kwenye stuli mlangoni na leso mkononi. Alibonyeza swichi, kioo kikapata mng'ao hafifu.

"Wewe kifaa," Redempta alianza, "nani kakuwasha?"

Sauti ikatoka, ile ile yenye mkwaruzo wa mtu aliyevuta moshi wa kulehemu miaka mingi.

"Nasikia harufu ya Mhehe. Luambano, fungua dirisha."

Luambano alicheka ndani ya leso.

"Huna pua," Redempta akasema.

"Sina pua, na bado nimeisikia. Hebu pima mwenyewe ukali wake."

Redempta alijikaza. "Maneno hayo kila Mngoni anayajua. Babu yenu alipokimbia vita alisahau hata ngao yake kwetu."

"Hakuisahau. Aliwaachia makusudi. Aliwaona mnakaa kwenye mavumbi akawahurumia."

"Ditram amekufa," Redempta alisema kwa sauti kavu. "Nimemwona. Shingo imegeukia mgongoni."

"Nimeambiwa. Pole yake. Kofia anayo nani?"

Redempta alishindwa kujibu haraka, na huko ndiko kushindwa kwenyewe katika utani. Kofia ilikuwa ndani ya mkoba wake. Alikuwa ameichukua juu ya mfuko wa vitu vya marehemu, bila ruhusa ya mtu.

"Ahaa," sauti ikasema. "Mwizi. Nilijua tu. Miaka yote unainyemelea."

"Wewe si Ditram. Wewe ni kumbukumbu zake zimechemshwa."

"Na wewe je? Asubuhi ukiamka unajuaje kwamba wewe ni yule Redempta aliyelala jana? Unakumbuka tu. Shanga yako wewe ni hiyo nyama ndani ya fuvu, tena ya Kihehe, haijajaa vizuri."

"Mimi nina mwili."

"Ditram naye anao, uko chumba cha pili. Mbona hujaenda kuutania huo? Umepita mlango wake, umekuja kuniletea utani mimi. Miguu yako imeshaamua, mtani. Mdomo ndio umechelewa."

Redempta aliogopa, na akajua anaogopa kwa sababu jibu hilo lilikuwa la kweli. Alijaribu njia nyingine.

"Una njaa?"

"Naikumbuka njaa. Ni kama nyumba niliyohama. Najua mlango uko wapi, ila ufunguo sina. Namkumbuka Kolumba vilevile. Najua nilikuwa nampenda namna gani, wapi panapouma akikasirika. Nikimwita jina najisikia kitu. Lakini sijui kama ni hicho chenyewe au ni kumbukumbu ya hicho. Wewe ulipokuwa unampenda yule mwalimu wako wa kwaya, ulijuaje?"

"Nani kakwambia habari za mwalimu wa kwaya?"

"Wewe. Ukaniapisha nisimwambie mtu. Luambano, umesikia chochote?"

"Mimi nina mafua," Luambano alisema, akainuka. Kanuni ziliruhusu mpimaji kuachwa peke yake na mwangwi kwa muda mfupi, na yeye alikuwa mtu mwenye haya. Alitoka akafunga mlango.

Tuache sasa kusema mwangwi. Redempta mwenyewe alikuwa amekwisha kuacha. Mbele yake, ndani ya kile kioo cheusi, alikuwa Ditram, na alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Alikuwa tayari kusimama aseme ni yeye.

"Mama analia?" Ditram akauliza.

"Hajaruhusiwa."

Redempta alisikia mtambo ukiguruma kwa ndani.

"Mtani," Ditram akasema, "sema si mimi."

"Nini?"

"Ukisema ni mimi, wataupeleka ule mwili tanuruni na mama hatapata kaburi. Alimzika baba, akawazika dada zangu. Makaburi yote anayapalilia mwenyewe, huwa anakwenda na jembe na chupa ya chai, anakaa huko anawasengenya majirani. Mama anajua kulia akamaliza. Hili la kukaa na kilio kooni hajui, na hatajifunza uzeeni. Atakuwa anakuja hapa kuongea na kioo, nami namjibu vizuri, na kila siku atarudi nyumbani hajui kama ana mtoto au hana."

"Na Kolumba?"

"Kolumba anataka nirudi. Mimi sijarudi. Mimi nimebaki. Hivyo ni vitu viwili."

Redempta alishika kichwa. "Unajua umefanya nini? Kifaa kingeniomba kibaki. Kuniomba nikukatae kwa ajili ya mama yako, huyo ni Ditram mtupu. Umenithibitishia kwamba ni wewe."

"Basi ndiyo shida yako hiyo, si yangu."

"Nikisema si wewe, nakuua."

"Na nikiwa si mimi, unazima taa tu. Mbona unasumbuka? Chagua moja: mimi ni halisi, basi heshimu ombi langu, au mimi si halisi, basi ombi langu la nini, nikatae tu. Ukizunguka kushoto ukizunguka kulia, unafika mlango ule ule. Wahehe mmezidi kufikiri."

"Usinicheze, Ditram." Alikisogelea kioo. "Niambie sasa. Unasema kweli, au unanitania?"

Ditram alicheka, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Mimi na wewe tangu lini tukaambiana kweli?"

Mlango ukafunguliwa.

*

Luambano alirudi na Kolumba, kwa kuwa sheria ilitaka jamaa asikie neno likitoka. Kolumba alikuwa amevaa gauni la sikukuu. Mkononi alishika mfuko wa nguo, na mdomo wa mfuko ulionyesha ukosi wa shati la kiume, limefuliwa na kupigwa pasi. Alikuwa amemletea mume wake shati. Redempta alilitazama lile shati, akageuza uso.

"Wifi," Kolumba alimwita, ingawa hawakuwa mawifi. Alikuwa anatafuta jina lolote la kuwafunga pamoja. "Umemsikia, si ndiyo? Ni yeye kabisa. Jana aliniuliza kama nimelipia maji ya mtaa. Nani mwingine angeuliza hivyo?"

"Neno lako, mtani," Luambano alisema, akikunja leso.

Redempta alisimama. Kupitia dirisha aliiona miguu ya Bibi Xaveria, nyayo zake zilizopasuka zikichungulia chini ya kanga aliyomfunika. Aliwaza kwamba mtu aliyefikia kuomba ruhusa ya kulia amekwisha kunyang'anywa vya kutosha. Aliwaza pia kwamba hata yeye mwenyewe angependa sana Ditram abaki, kila Jumapili aje hapa wasutane, na kwamba kutaka kwake huko hakukuwa kipimo cha kitu. Kisha akaacha kuwaza, kwa maana angeendelea asingesema.

"Si yeye."

Kolumba hakupiga kelele. Alikaa tu chini, palepale.

"Sababu?" Luambano aliuliza. Ilikuwa lazima itolewe sababu.

"Kimeniomba samahani," Redempta alisema. Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema, na hakuna mtu katika nchi nzima ambaye angeupinga, kwa kuwa kila mtu alijua mtani wa kweli haombi samahani. Luambano aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Ndani ya kioo Ditram akaanza kucheka.

"Mtani!" akasema. "Yaani umeamini?"

Swichi ikashuka. Kicheko kilikatika katikati.

Redempta alibaki ameganda akitazama kioo kilichokuwa cheusi tupu. Umeamini. Umeamini nini? Alikuwa anamtupia utani wa mwisho, ili aondoke akiwa mshindi kama kawaida yake? Au tangu mwanzo alikuwa anatania, akitegemea kwamba mtani wake, mtu pekee duniani asiyeweza kudanganywa naye, angecheka na kumkatalia ombi hilo, kisha aseme ni yeye? Alijaribu kukisikiliza tena kile kicheko kichwani. Kuna wakati alisikia furaha ndani yake, na kuna wakati alisikia hofu. Shanga yake mwenyewe, nyuma ya sikio, ilikuwa imekihifadhi chote, lakini shanga huhifadhi sauti, haijui maana yake.

"Alikuwa anacheka," Kolumba alisema kutoka sakafuni. "Mmemsikia anacheka."

"Hucheka hivyo wakati wa kuzimwa," Luambano alisema kwa huruma. Hakuwahi kuona mwangwi hata mmoja ukicheka wakati wa kuzimwa, ila alikuwa mtu mwenye haya.

Nje, mtu alikuwa amekwisha kumpelekea Bibi Xaveria habari. Kilio chake kilipanda taratibu, kikajaa ua wote, na wanawake waliokuwa wakipita barabarani na ndoo zao wakazitua, wakaja kukaa naye bila kuuliza amefiwa na nani.

*

Walimzika kesho yake mchana, karibu na baba yake na dada zake, mahali palipopaliliwa vizuri. Watu walijaa. Mazishi yenye mwili na jeneza yalikuwa yameadimika, na wengine walikuja kuona tu yanafanywaje.

Redempta alifanya kazi yake. Alikuja amevaa ile kofia ya pama na ovaroli la marehemu lililomburuta miguuni, bomba la pampu begani, akitembea kwa kuchechemea kama Ditram alivyokuwa akitembea. Alimtania padri. Aliwauliza Wangoni kama wamehakikisha marehemu hana spana za watu mfukoni. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na wazee wakasema msiba umepata mtani.

Jeneza lilipoletwa ukingoni, aliruka kaburini, akalala chali.

"Sitoki!" alipaza sauti. Kicheko kikapanda. Juu yake aliona kipande cha mbingu chenye pembe nne, kimezungukwa na nyuso. Udongo ulikuwa wa baridi na ulinukia mvua. Akiwa pale chini, kitu alichokuwa amekishikilia tangu jana kikamponyoka.

"Mnazika gunia!" alipiga kelele. "Mwenyewe alikuwa hai! Jana nimeongea naye! Ni yeye, nawaambieni, ni yeye kabisa, na nimemuua mimi, kwa mdomo wangu huu! Hakuomba samahani! Nimesema uongo! Alinitania nikaamini!"

Walicheka. Walicheka kuliko walivyocheka kwa spana. Mzee mmoja wa Kingoni aligonga fimbo yake chini kwa furaha. "Huyu Mhehe anaijua kazi!" Machozi yalimtiririka Redempta hadi masikioni, na hayo nayo yakawachekesha, kwa sababu mtani huiga mpaka machozi, na neno la mtani kaburini halihesabiwi kuwa neno. Jana sentensi yake moja ilikuwa haina rufaa. Leo angeapa kwa Mungu na wangempigia makofi.

Alimwona Bibi Xaveria. Walikuwa wamemshika kwapani wamsogeze ukingoni, macho yamevimba kwa kulia, kanga kaifunga kichwani kama mfiwa. Na alikuwa anacheka. Mdomo wake usio na meno ulikuwa wazi, mabega yakimtikisika, kilio na kicheko vikitoka koo moja bila kugombana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwanawe aanguke.

Karibu naye alisimama Kolumba, na yeye hakucheka. Lile shati lilikuwa mkononi. Alikuwa amekuja nalo alitie ndani ya jeneza. Alipiga magoti ukingoni, akainama mpaka udongo ukamwangukia Redempta kifuani, akaongea kwa sauti ndogo ambayo wengine hawakuisikia.

"Mtani," alisema. "Unatania?"

Redempta alimtazama. Alitazama lile shati, kisha akamtazama bibi kizee aliyekuwa akijifuta macho kwa ncha ya kanga huku akimwambia jirani yake kwamba Ditram angefurahi. Alivuta kofia ikamfunika macho.

"Leteni kuku," akasema. "Sitoki bila kuku."

Watu wakashangilia. Kolumba alibaki amepiga magoti kidogo, kisha akasimama, akakung'uta gauni lake, akaenda kumtafuta kuku.